Uvivu Ulio Mwepesi Kuliko Wote

Kijiwe hiki hakina benchi la kawaida. Kina viti vinne vya chuma vilivyoungana, vilivyotolewa kwenye zahanati siku ilipoletewa viti vipya, na mpaka leo ukivikalia unajisikia kama unasubiri kuitwa jina. Vimewekwa nje ya duka la kinyozi, mkabala na ukuta wa nyuma wa hoteli, na mbele yake ndipo Shangazi anapoweka jiko lake la mkaa, birika na beseni la kusuuzia vikombe. Shangazi si shangazi wa mtu yeyote pale, lakini anakaripia kama shangazi, kwa hiyo jina limemkaa. Kila jioni wanakutana walewale. Kuna Refa, dereva wa teksi, ambaye Jumapili huchezesha mpira wa mtaa na siku nyingine zote huchezesha maneno ya watu. Kuna Kamusi, fundi viatu, aliyewahi kununua kamusi ya Kiingereza iliyochanika katikati, ikaishia herufi L. Basi Kiingereza chake mpaka L ni cha kuaminika, kuanzia M anakwenda kwa ujasiri. Kuna Kinyozi mwenyewe, ambaye hutoka mara moja kuvuta hewa, na hiyo mara moja yake inaweza kumaliza birika. Na kuna Dobi, wa chumba cha kufulia cha hoteli, ambaye jioni ile alifika amechelewa, akakaa kiti cha mwisho, akavua viatu, akaitazama miguu yake iliyovimba, wala hakuomba kahawa. Pale kijiweni mtu asipoomba kahawa hupewa pole.

— Pole, akasema Shangazi. Nani amekufa?

— Hajafa mtu. Nataka kuuliza Kizungu.

Kamusi akajiweka sawa kitini, na kwa kuwa viti vimeungana, wote wakatikisika.

— Neno linaanza na herufi gani?

— Yapo matatu.

— Herufi, Dobi. Tusipoteze muda.

Dobi akafumba macho. Maneno yale alikuwa ameyashika kwa kuyasema njia nzima, kutoka chumba cha kufulia mpaka getini, kutoka getini mpaka barabarani, watu wakimpisha wakidhani anasali. Akayatoa moja moja, taratibu, kama mtu anayeshusha mayai.

— "Slack off." "Coast along." "Goof off."

— La kwanza liko nje ya eneo langu, akasema Kamusi. Hayo mengine mawili niachie.

— Maana yake naijua. Yote ni uvivu. Ninachotaka kujua ni uvivu upi kati ya hayo ulio mwepesi.

— Mwepesi vipi?

— Mwepesi. Ule ambao mtu akiwa nao hafukuzwi kazi.

Refa akageuka mzima mzima. Akiona jambo lina kufukuzwa ndani yake, yeye husikia harufu ya kadi.

— Nani anafukuzwa?

— Kuna mtu kazini.

— Shemeji yako, akasema Kinyozi.

— Sikusema shemeji.

— Chumba kile mko wawili, Dobi. Ukishajitoa wewe, anabaki nani?

Dobi akainama kuikanda miguu yake. Ni kweli alikuwa shemeji yake, mume wa dada yake mkubwa, mtu mrefu mnyamavu ambaye hotelini wanamwita Nguzo. Ikabidi aeleze yote.

Asubuhi ile meneja mpya, mama mmoja wa kigeni mpole anayevaa viatu visivyo na mlio, alisimama mlangoni pa chumba cha kufulia kwa muda mrefu, akiwatazama wakikunja mashuka. Shuka la kitanda kikubwa halikunjwi na mtu mmoja. Huyu anashika pembe mbili, yule pembe mbili, wanalivuta likakakamaa, wanalikunja kwa urefu, halafu mmoja anamfuata mwenzake, anamkabidhi pembe zake mkononi, anainama, anashika mkunjo, anarudi nyuma, anakuja tena. Desturi ya chumba kile ni zamu: shuka hili unakuja wewe, shuka lile nakuja mimi. Lakini meneja aliona mtu mmoja tu akienda na kurudi, shuka baada ya shuka, na mwingine amesimama palepale kama ameota sakafuni. Aliyekuwa akienda na kurudi ni Dobi.

Akamwita pembeni. Dobi ana Kiingereza cha hoteli, kile cha taulo, sabuni, samahani na karibu tena, kwa hiyo mengi aliyaelewa. Meneja alimwuliza: yule mwenzako, tatizo lake ni hili, ni hili, au ni hili? Akayataja hayo matatu. Akamwambia afikiri, kesho saa ya chai amletee jibu, maana ni lazima aamue la kufanya juu ya mtu yule. Dobi aliitikia kwa kichwa kila kituo. Baadaye akamwendea binti wa mapokezi amfafanulie hayo matatu. Binti akamwambia yote ni uvivu ila si uvivu mmoja, hapo simu ikalia, akaipokea, na mpaka Dobi anaondoka alikuwa bado anaongea nayo.

— Sasa nikitaja lile baya, akamalizia Dobi, dada yangu atasema nimemfukuza mumewe kwa mdomo wangu. Na atakuwa sawa. Watoto wale wote nimewabeba mimi. Nitakwenda kukaa nyumba gani sikukuu?

Shangazi akammiminia kahawa bila kuombwa.

— Tulia, akasema Kamusi. Jambo hili lina ufundi wake. Mzungu hakiamini kitenzi kikisimama peke yake. Lazima akiwekee mkia. Na maana yote anaificha mkiani, kule mbele ni pambo tu. Sasa tazama. Mkia "off" ni kuzima, ni kutoka. Taa off. Leo niko off. Mtu mwenye "off" ameshaondoka zamani, kilichobaki kazini ni kiwiliwili.

— Na "along"? akauliza Refa.

— "Along" ni kuambatana. Mko wote, njia moja.

— Basi kesi imekwisha. "Coast along." Na hiyo mimi naijua, kuna abiria aliniambia. Ni kuteremka bila moto. Naifanya kila siku, mteremko wa kwenda sokoni. Naweka gia frii, gari linakwenda lenyewe, mafuta hayaliwi. Hapo uvivu uko wapi? Huo ni ujuzi.

— Na ukifika chini? akauliza Shangazi.

— Chini nakanyaga mafuta.

— Na breki?

— Breki ni suala jingine.

— Uliingia kwenye kibanda cha nyanya.

— Nimesema breki ni suala jingine.

Dobi alijaribu kumweka shemeji yake kwenye mteremko, na kwa dakika chache moyo ukamtulia. Aliona kweli mtu akienda mwendo laini, hamsumbui mtu. Halafu akakumbuka ile njia yake mwenyewe ndani ya chumba, kutoka ukutani mpaka kwa Nguzo na kurudi, kutwa.

— Lakini yeye haendi, akasema. Ninayekwenda ni mimi.

— Kwa hiyo wewe ndiye unayesukuma? akauliza Refa.

— Naona hivyo.

Refa akafikiri, akasikitika kama daktari.

— Basi hapo hakuna mteremko. Hapo gari limezimika.

— Ndiyo maana mimi napendekeza "slack off", akasema Kinyozi. Hiyo nilimsikia mteja mmoja, baharia mstaafu. Kamba ikilegea, wanasema iko slack. Sasa kulegea ni kosa? Mimi kila siku nafunga watu kitambaa shingoni. Nikikaza, mtu anatoa ulimi. Nikilegeza, anasinzia, ananiambia Mungu akubariki. Kulegea ni huruma. Mwambie meneja shemeji yako ana huruma.

— Huruma na mashuka?

— Na mashuka. Yanadumu.

Kutoka ndani ya duka sauti ya mtu ikaita: Kinyozi! Kinyozi akajibu kwa sauti ya kuridhisha: Nakuja! Akanyoosha kikombe aongezewe.

— Na hilo la tatu? akauliza Dobi. "Goof off."

Hapo Kamusi akakohoa. Herufi G ilikuwa ndani ya eneo lake, hilo hakuweza kukana.

— Ukurasa huo uligandana, akasema.

— Na nini?

— Na gundi ya viatu. Lakini nilisoma wa kabla yake na wa baada yake, kwa hiyo nina fununu. Nadhani ni uvivu wa kuchezacheza. Mtu yuko kazini lakini anarusharusha vitu, anachekesha wenzake, anapima kofia ya bosi.

— Nguzo hachekeshi, akasema Dobi. Tangu amwoe dada sijamwona akicheka zaidi ya siku ya harusi, na siku hiyo alikuwa anapigwa picha.

— Basi hilo tulitoe, Refa akaamua. Kadi nyekundu. Yamebaki mawili.

— Mimi kinachonishangaza, akasema Kinyozi, ni kwa nini Mzungu amekaa akautengenezea uvivu majina yote hayo. Kwetu mvivu ni mvivu, unamwita unamaliza.

— Baridi, akasema Refa. Kule ukisimama bila kazi unaganda. Kwa hiyo walihitaji kujua mtu amesimama kwa namna gani, wajue wamfunike au wamzike.

— Si baridi, akasema Kamusi. Ni wasimamizi. Maneno haya yalitungwa na wasimamizi. Mvivu mwenyewe hakutunga hata moja, alikuwa amelala. Msimamizi ndiye hana la kufanya kutwa, anatazama watu, anawapa majina. Ungewaondoa wasimamizi, kamusi yangu ingeishia herufi D.

— Mnadanganya, akasema Shangazi, akipuliza mkaa. Eti kwetu mvivu ni mvivu. Wewe Kinyozi hapo umezuga. Umeacha mtu kitini, umekuja kuzuga. Refa anajivuta, kutwa nzima anasema gari linapoa. Wewe Kamusi unalipua. Viatu vya mwanangu ulivipiga gundi bila uzi, vikaachama siku ya mtihani. Maneno tunayo, tena ya kutosha. Na lile baya kuliko yote ni kutegea.

Kila mmoja akainamia kikombe chake, maana wote walishaguswa.

— Kwa nini liwe baya kuliko yote? akauliza Dobi.

— Kwa sababu hayo mengine ni uvivu wa mtu peke yake. Kutegea ni mmebeba kitu watu wawili, kabati, au gunia, na mwenzako ameshusha upande wake kidogo, kidogo tu, uso ameukunja kama anabeba. Uzito haupotei. Unakuja kwako.

Dobi hakulitaka neno hilo. Alikuja kijiweni kutafuta la kumwokoa shemeji yake, na sasa amepewa ambalo lilimkaa sawasawa kama kiatu chake mwenyewe. Akaitazama miguu yake pale chini. Hasira ikampanda, hasira aliyokuwa ameibeba muda mrefu bila kuipa jina, akaona kwamba meneja hakumletea jambo jipya, alimfungulia tu. Ni kweli ametembea kwa miguu ya watu wawili. Ni kweli humkabidhi Nguzo pembe, wakatazamana uso kwa uso, vidole vikagusana, na wala mtu yule hasemi shemeji pumzika, shemeji zamu yangu. Jioni Dobi huchemsha maji ya chumvi kuloweka miguu, na Nguzo hurudi kwa dada akaandaliwa chakula kama mtu aliyefanya kazi.

— Lilianza vipi hili la yeye kusimama? Kinyozi akauliza.

— Aliumia mgongo. Alinyanyua kapu la taulo mbichi peke yake, likamshinda. Alipumzika nyumbani, na aliporudi mimi mwenyewe nikamwambia, shemeji, wewe simama tu, mimi nitakuja. Ilikuwa kabla hoteli haijabadilisha mapazia.

— Mapazia yale ya bluu?

— Kabla ya yale ya bluu. Yale ya kijani.

— Hayo ni ya zamani, akasema Refa. Mpira umeshatoka nje. Tusiurudishe ndani, tuamue haya yaliyopo uwanjani. Ana-slack au ana-coast?

Hawakukubaliana. Kinyozi alisema mtu aliyelegea unamwona mabegani. Refa alisema mtu anayeteremka unamwona usoni, anakuwa na ile raha ya upepo. Kamusi akasema mabishano haya hayawezi kwisha kwa mdomo, yanahitaji majaribio.

— Leteni kitambaa, akasema.

Kinyozi akaingia dukani, akatoka na kile kitambaa kikubwa cha kuwafunga wateja shingoni. Hakukiokota mahali. Alikitoa shingoni mwa mteja. Nyuma yake akatoka mteja mwenyewe, mwanamume wa makamo ambaye hakuna aliyewahi kumwona mtaani pale, nusu ya kichwa imenyolewa ikang'aa, nusu nyingine ikiwa kama alivyokuja nayo, nywele zimemjaa mabegani. Akasimama mlangoni. Hakulalamika. Alikuwa amefuata kitambaa chake.

— Karibu, Shangazi akamwambia, akampa kikombe.

Refa akashika pembe mbili, Kamusi akashika pembe mbili. Wakakivuta kitambaa, nywele za mteja zikaruka.

— Mimi ni Dobi, nakuja, akasema Refa. Wewe ni Nguzo. Simama.

— Nimesimama.

— Simama uki-coast.

Kamusi akatulia. Refa akaenda, akampa pembe, akarudi, akaenda tena. Kinyozi na Shangazi wakamtazama Kamusi kuanzia visigino mpaka kisogo.

— Haya, sasa simama uki-slack.

— Nimesimama.

— Umebadilisha?

— Nimebadilisha.

— Mbona sioni tofauti? akasema Kinyozi.

— Iko ndani.

— Tegea sasa, akasema Shangazi.

— Nategea.

— Hebu goof kidogo, akasema Refa, tulinganishe.

— Nime-goof tayari. Hukuona?

— Sikuona kitu.

— Kwa sababu iko ndani. Nimewaambia.

Walimsimamisha hivyo muda mrefu. Kinyozi alitaka aone kwa upande. Refa alitaka arudie ile ya kwanza, alinganishe na ya tatu. Shangazi alisema labda siri iko kwenye kidevu, wakatazama kidevu. Kila mara Kamusi alitangaza uvivu alionao, na kila mara walichokiona ni fundi viatu ameshika kitambaa. Mwishowe akaanza kuhemahema na kupindapinda kiuno.

— Harakisheni, jamani. Mgongo.

— Vumilia. Refa hajamaliza.

— Refa anatembea, ananyooka. Mimi niliyesimama ndiye ninayekatika.

Wakati huo yule mteja alikuwa amekunywa kahawa yake taratibu, akisikiliza. Akamwinamia Shangazi, akamwuliza kwa heshima hapa kunafanyika nini. Shangazi akamweleza kwa ufupi, kwamba kuna mtu amesimama tu kazini, aliumia mgongo zamani, shemeji yake anatembea badala yake, na kesho lazima atajwe uvivu wake kwa Kizungu, nao wanatafuta ulio mwepesi. Mteja akatikisa kichwa, ile nusu iliyonyolewa ikapata mwanga wa taa ya barabarani.

— Na huo mgongo, akauliza, ulipona?

Refa akasimama katikati ya njia, pembe mkononi.

Kinyozi akamtazama Kamusi. Kamusi akamtazama Dobi. Shangazi naye akamtazama Dobi.

— Dobi, akasema Shangazi. Ulipona?

Dobi akaanza kuhesabu anayoyajua. Anaijua mikono ya mtu yule mpaka kovu la pasi kwenye kidole gumba. Anajua anavyopumua akimaliza shuka la mwisho. Kila siku wanakutana uso kwa uso mara nyingi kuliko mtu na mkewe. Na hajui. Aliona haya, haya ya kweli, akatamani kuvaa viatu aondoke.

— Sijui, akasema.

— Hukumwuliza?

— Nilingoja aniambie.

Dobi akatoa simu mfukoni, akaitazama, akapiga. Kinyozi akamwashiria aweke spika, na Dobi, ambaye siku nyingine angemwambia shika adabu, akaweka. Iliita mara kadhaa. Ikapokelewa, kwa nyuma mtoto alikuwa anaimbaimba namba za shule.

— Shemeji, akasema Dobi.

— Shemeji. Wazima huko?

— Wazima. Dada hajambo?

— Hajambo, yuko jikoni. Nikupe?

— Hapana, nakutaka wewe. Shemeji, nataka kukuuliza. Mgongo ulipona?

Mtoto akaambiwa anyamaze. Mlango ukasikika ukifungwa, na sauti ya Nguzo iliporudi ilikuwa ya chini, ya mtu aliyetoka nje.

— Mbona unaniuliza leo?

— Nauliza tu.

— Kuna mtu amesema kitu?

— Shemeji, nijibu. Ulipona?

— Nikitembea sisikii kitu, akasema Nguzo. Yule daktari aliniambia nitembee, nisikae mahali pamoja. Asubuhi nakuja kwa miguu, jioni narudi kwa miguu, mgongo umetulia kabisa. Ni kusimama tu. Nikisimama unaanza. Saa ya chai unakuwa kama mtu amenibandika pasi kiunoni, ikifika jioni hata kugeuza shingo naogopa.

— Lakini unasimama kutwa!

— Si wewe uliniambia nisimame.

Kamusi, aliyekuwa bado ameshika pembe zake mbili, akazishusha polepole, akatafuta kiti.

— Kwa nini hukuniambia? akasema Dobi. Sauti yake ilikuwa imebadilika.

— Ningekuambiaje, shemeji? Mtu anakubebea kazi, miguu inamvimba mbele ya macho yako, anakuja kwako na kurudi kwa hisani yake mwenyewe. Halafu umwambie hisani yako inaniumiza? Ungeniona mtu gani? Dada yako angeniona mtu gani? Nikasema nitakaza tu. Siku akichoka ataniambia, shemeji, zamu yako.

— Mimi nilikuwa nangoja uniambie umepona.

— Na mimi nilikuwa nangoja uchoke.

Shangazi alijifanya anakoroga mkaa, ambao ulikuwa umeshakuwa majivu. Dobi alishika simu kwa mikono miwili, akawa anatazama ule ukuta wa nyuma wa hoteli.

— Shemeji.

— Naam.

— Kesho uje wewe. Mashuka yote. Mimi nitasimama.

— Na miguu yako?

— Ndiyo maana nasema uje wewe.

Nguzo akacheka. Kilikuwa kicheko kifupi, kikavu, cha mtu asiye na mazoezi, lakini kila mtu pale alikisikia. Wakaagana. Dobi akaweka simu mfukoni, akaanza kuvaa viatu, kimoja kikagoma, akakikanyaga kisigino.

Shangazi akainua birika, akaligeuza juu ya kikombe. Halikutoa kitu. Kinyozi akachukua kitambaa chake, akakikung'uta, akamfunga mteja shingoni palepale nje, kwa sababu walikuwa wamesimama karibu na wote wawili walishasahau kuingia. Refa peke yake ndiye aliyekuwa na jambo.

— Sawa, akasema. Ya shemeji yameisha. Lakini meneja je? Kesho saa ya chai anataka jibu. Unampa lipi?

— Halimo kwenye yale matatu, akasema Kinyozi.

— Na hatakubali umwambie halimo, akasema Refa. Amekupa matatu, anataka moja. Kamusi, mtu aliyesimama akiumia kutwa nzima ili asimvunjie mwenzake heshima, Mzungu anamwitaje?

Kamusi alifikiri kwa muda mrefu. Midomo yake ilikuwa inatembea, na mtu angemsogelea angesikia anapita A, anapita B, anakwenda hivyo mpaka L.

— Kwenye eneo langu halipo, akasema. Labda huko mbele.

Wakamtazama Dobi, ambaye alikuwa ameshasimama, tayari kwa safari, na njia aliyoielekea haikuwa ya kwake bali ya kwa dada yake.

— Simpi neno, akasema. Nitampa shuka. Ashike pembe mbili, asimame palepale anaposimama shemeji, shemeji mwenyewe aje na kurudi mpaka saa ya chai. Halafu nimwulize yeye, kati ya yale matatu, alikuwa anafanya lipi.